Kabari Niliyokataa Kuikabidhi

Mwezi uliopita nilikabidhi gari. Mtunza stoo wa yadi yetu hapa Shinyanga alikuja na karatasi yake akaanza kuita kimoja kimoja: jeki, ipo, spana ya magurudumu, ipo, pembetatu mbili, zipo, mtungi wa kuzimia moto, upo na muda wake haujaisha. Akafika kwenye kipande cha mti kilichokuwa kinaning'inia nyuma kwa kamba, akauliza akiandikeje. Nikamwambia hicho hakiandikwi, kinaondoka na mimi.

"Mzee Hamisi, kuni hiyo," akasema. "Mama kaishiwa mkaa nyumbani?"

Vijana mkacheka. Nilikasirika kupita kiasi, nikasema maneno ambayo mtu anayeagwa hapaswi kuyasema. Baadaye nikaona aibu, maana hakuna hata mmoja wenu niliyewahi kumwambia kile kipande kilitoka wapi. Kwa hiyo nimekaa hapa kibarazani Ngokolo na daftari la mjukuu wangu, niwaandikie ninyi mnaobaki barabarani. Sitawaeleza nilivyopanda kutoka gari dogo hadi kubwa, wala nililipwa nini. Mkijua nililipwa nini mtaacha kazi wote kesho asubuhi.

Aliyenifundisha lori ni Mzee Nkwabi, Msukuma wa Maswa, Mungu amrehemu. Wakati huo njia ya kwenda Bulyanhulu ilikuwa vumbi tupu, ukifika mgodini hata mkeo hakujui. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa stelingi. Alinipa kipande cha nondo akaniambia nizunguke gari, nigonge matairi yote, nisikilize. Tairi lenye upepo linaitikia, lililopungua linanuna. Nikagonga, nikamwambia yote mazima. Akaninyang'anya nondo, akagonga la ndani upande wa kushoto.

"Na hili?"

Lilikuwa limenuna. Akanirudisha nianze upya, mara tatu. Tuliondoka saa nne badala ya saa mbili, na tajiri mwenye gari alipofoka, Nkwabi alimjibu kwamba anafundisha dereva, na asiyetaka dereva aajiri abiria.

Somo lake la pili lilikuwa askari. Ukisimamishwa, alisema, zima redio, shuka, salimia wewe kwanza hata kama huyo askari ni umri wa mwanao. Karatasi zako zote ziwe kwenye mfuko mmoja. Askari akikuona unatafuta leseni chini ya kiti, ameshaanza kukuandika kichwani. Mwenyewe alikuwa anawasalimia wote kwa Kisukuma, "Mwangaluka!", iwe asubuhi iwe jioni, hata wale waliotoka Mtwara wasiojua waanzie wapi kuitikia. Wengine walicheka wakamwachia aende zake. Wengine walicheka wakamwandikia. Nkwabi hakubadilika kwa yoyote kati ya hayo, akilipa analipa, kisha anawasha gari na kuanza kuimba. Mimi sikurithi roho hiyo.

Sasa niseme la faini, maana najua ndilo mnalotaka kulisikia, na mimi nilikuwa bingwa wa kulisema. Zamani ulikuwa unaandikiwa kwenye kitabu, unapewa risiti, unakwenda zako. Siku hizi ni mashine, na deni linakaa kwenye namba ya gari. Uko kitandani kwako umelala, lenyewe linaongezeka kwa kuchelewa kulipwa. Kwa tajiri kuna kanuni moja nzuri sana: kosa la gari analipa yeye, kosa la dereva unalipa wewe. Sijui ilikuwaje, lakini kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona kosa la gari. Kokoto ikiruka kwenye vumbi la Bulyanhulu ikavunja taa ya nyuma, ni kosa la dereva. Kibao cha hamsini kimeng'olewa na watu wa vyuma chakavu, umepita na sitini na mbili, askari wamejificha kwenye kivuli na ile mashine ya kupimia mwendo tunayoiita tochi: kosa la dereva. Faini moja ilikuwa inameza posho ya safari nzima. Mbili kwa safari moja, ni wewe unayemlipa tajiri ili akuruhusu kumwendeshea gari lake.

Inauma, na asiyewahi kuandikiwa asiwaambie kwamba haiumi. Mama Kulwa, mke wangu, anayeuza mchele hapa sokoni, alikuwa akisikia tu ninavyofungua geti anajua. "Wamekukamata wapi leo?" ananiuliza, hata pole ya safari hajanipa. Ndiyo maana tunawashiana taa barabarani tukiona tochi mbele. Ndiyo maana dereva akiona sare nyeupe kwa mbali, tumbo linamkaza hata kama hana kosa. Lile tumbo kukaza ndilo nataka mlikumbuke, maana ndilo lililonipeleka nilikofika.

Miaka saba iliyopita alihamia njia ya Runzewe koplo mmoja mwanamke, Afande Leticia. Mrefu, mpole, hana hasira wala mzaha. Wenzake walikagua taa, bima na mwendo, yeye alikagua vitu ambavyo wengine tulikuwa tumesahau kama vimo kwenye sheria. Siku aliyonisimamisha mara ya kwanza nilikuwa kamili. Nikashuka, lakini yeye akaniwahi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Afande. Habari za jua?"

"Jua tumelizoea." Akapitia karatasi zote, akazunguka gari lote, akarudi. "Kabari za magurudumu ziko wapi?"

"Kabari?"

"Za kuzuia gari lisirudi nyuma ukiharibikiwa mlimani."

Nikacheka. Nikamwonyesha pembeni mwa barabara. "Afande, mawe hayo hapo. Mungu ameyamwaga bure kutoka hapa mpaka Kahama."

"Ukishatengeneza ukaondoka, hayo mawe nani anayaondoa barabarani?"

"Si tunaondoa wenyewe."

"Mimi kila siku naokota," akasema, na kweli viganja vyake vilikuwa na vumbi. Kisha akatoa mashine akaniandikia. Nililipa kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Kabari ya mti ningeweza kuipata Runzewe kwenye viwanda vya mbao kwa bei ya chai na maandazi. Sikuinunua. Kiburi tu. Nilijiambia nikinunua nitakuwa nimemkubalia kwamba alinionea kwa haki.

Wiki hiyohiyo askari waliitisha kikao na sisi madereva wa malori pamoja na vijana wa bodaboda pale Runzewe, turekebishane. Wenzangu wakanisukuma mbele. Nikasema yote: mashine, vibao vilivyong'olewa, tajiri, posho. Nikamalizia na la kabari. Nikasema nchi hii imejaliwa dhahabu na mawe, dhahabu wameshaichukua wenyewe, sasa na mawe tunakatazwa kuyatumia. Ukumbi mzima uliangua kicheko, hata mkubwa wao alicheka. Afande Leticia hakucheka, alikuwa anaandika. Tulipotoka nje, Shija akanipokea kwa kelele, "Mwenyekiti! Mwenyekiti wetu huyo!"

Shija alikuwa kijana wa bodaboda, na kijiwe chake kilikuwa mbele ya mgahawa tuliokuwa tunashukia kula. Nikikwama popote kati ya Runzewe na Ushirombo nilikuwa nampigia yeye, ananiletea kipuri na kunibebea chakula juu. Alikuwa na mke na mtoto mdogo, na pikipiki alikuwa bado anailipia kwa mwenye mali kila jioni. Bodaboda wenzake nao walikuwa wameandikiwa kofia na abiria wawili mpaka wamechoka, kwa hiyo hotuba yangu aliichukua kama yake. Jina la Mwenyekiti likanikaa kuanzia siku hiyo.

Haikupita wiki mbili. Nilikuwa napeleka mbao Kahama, nimejaza mpaka juu, na utingo wangu alikuwa msibani kwao, kwa hiyo niko peke yangu. Kwenye kile kilima kirefu baada ya kutoka Runzewe fenibelti ikakatika. Nikasimama katikati ya mpando. Breki ya kuegeshea ya gari lile sikuwa naiamini, nikampigia Shija. Alifika na belti mpya. Tukakata majani tukayapanga nyuma ya gari kuwazindua wanaokuja. Kisha tukatafuta mawe. Moja tulilibeba wote wawili, jeupe, kubwa kama mtungi wa gesi, tukaliegemeza nyuma ya tairi. Shija akapangusa mikono akasema, "Kabari ya Mwenyekiti hiyo." Tukacheka. Akanisaidia kufunga belti, akarudi kijiweni kutafuta abiria, mimi nikabaki kukusanya vyombo vyangu.

Ninyi mnaojua mnajua, lakini kwa asiyejua nieleze. Gari lenye mzigo likiwa mlimani, utingo anasimama nyuma. Dereva anavuta, tairi likiachia jiwe utingo analisukuma pembeni. Ukiwa peke yako huwezi. Ukishaondoka huwezi kusimama tena mpaka juu, na ukifika juu unatakiwa uegeshe, ushuke kwa miguu, ukaondoe mawe yako na majani yako. Nimefanya hivyo mara nyingi. Siku hiyo pia nilikusudia.

Nikafika juu, na juu pale amesimama Afande Leticia na mwenzake.

Tumbo likakaza. Nikiegesha hapa nikashuka kufuata jiwe, nimejishtaki mwenyewe kwamba kabari bado sina. Ni mtu yuleyule, kosa lilelile, tena baada ya kumchekesha mkubwa wake kwa gharama yake. Nikawaza nitakwenda mbele kidogo, niegeshe kwenye tambarare, nirudi kwa kuzunguka. Nikawaza mtu atalisukuma. Nikawaza Kahama wanafunga kupokea mzigo saa kumi na moja. Haya yote niliyawaza kwa mwendo wa mita mia moja. Alinipungia mkono nipite.

"Salama, Mzee?"

"Salama, Afande."

Nikapita. Kwenye tambarare sikusimama.

Kesho yake mchana nilirudi na gari tupu, nikashuka Runzewe kula. Kijiwe cha Shija kilikuwa kitupu. Wenzake wakaniambia alianguka jana jioni pale kilimani, amempakia mama muuza dagaa. Mama kachubuka mikono, Shija mguu umevunjika sehemu mbili, yuko hospitali. "Kuna mwendawazimu mmoja kaacha jiwe katikati ya njia," mmoja akasema. "Madereva wengine ni wanyama." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaniomba radhi. Wali uliletwa, nikautazama mpaka ukapoa.

Nilimkuta Shija amefungwa mguu mpaka kiunoni, mkewe yuko chini kwenye khanga na mtoto. Nilitaka anitukane. Ningelipa chochote anitukane.

"Shikamoo, Mwenyekiti," akasema.

Akamtuma mkewe maji, akashusha sauti. "Afande Leticia alikuja. Ameuliza jiwe la nani. Nimemwambia sijui."

"Shija, unajua."

"Najua. Lakini wakikupata wewe watakumaliza, na ni wewe peke yako uliyetusemea. Nyamaza tu. Mguu utapona."

Nilitoka pale nikaenda nyuma ya jengo la hospitali, nikalia. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na kijana mwenye mguu vipande viwili ndiye aliyekuwa ananilinda mimi. Nilirudi Ngokolo nikamweleza Mama Kulwa, nikitumaini ataniambia niendelee kunyamaza. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua muda mrefu bila kunitazama.

"Na mguu wakiukata," akaniuliza, "bado atakuwa anakuficha?"

Asubuhi nilipanda basi, bila gari wala mzigo, nikashuka kilimani. Afande Leticia alinitambua, akatafuta lori langu nyuma yangu, hakuliona.

"Lile jiwe ni langu," nikamwambia.

Gari mbili tatu zikapita, hakusimamisha hata moja. "Siku ile ulinipita hapahapa," akasema. "Nikakuuliza salama."

"Niliogopa utaniandikia."

"Ningekuandikia. Kisha ningetelemka mwenyewe nikaliondoe. Mzee, faini si ni hela tu?"

Hela tu! Nilitaka kumjibu kwamba yeye hajui hela tu ni nini kwa mtu wa lori, na mpaka leo naamini hajui. Lakini nikamfuata kituoni. Akaandika maelezo yangu kwa mwandiko mzuri, akanisomea, nikasaini. Mahakamani nilikiri. Nilipigwa faini na kufungiwa leseni miezi sita, nikawa naosha magari yadi. Wapo kati yenu mliokuja kuanza kazi wakati huo mkadhani mimi ni muosha magari. Ile ni faini pekee ambayo sijawahi kuilalamikia.

Wenzangu hawakunipokea vizuri. Mmoja, tuliyekuwa tunakula sahani moja, aliniambia nimewapa askari fimbo ya kutuchapia, kwamba sasa kila atakayekosa kabari ataambiwa habari ya Shija. Na kweli, waliokosa waliambiwa. Yule mwenzangu alikaa mwaka mzima hanisalimii. Simlaumu. Faini zilikuwa kubwa kabla ya jiwe langu, na baada ya jiwe langu ziliendelea kuwa kubwa. Mkiitwa kwenye kikao, semeni. Semeni kibao kirudishwe kabla ya tochi kuletwa, semeni taa iliyovunjika leo dereva apewe muda wa kufika gereji. Mimi nitakuja kukaa nyuma na kupiga makofi. Lakini mawe yenu myaondoe kwanza.

Mguu wa Shija haukukatwa, ila ulipona ukiwa mfupi. Pikipiki, mwenye mali aliichukua. Sisi madereva tulimchangia, tukamfungulia kibanda cha kuziba pancha palepale Runzewe, na hata yule asiyenisalimia alichanga. Niliporudishiwa leseni, safari ya kwanza nilisimama kwake. Alikuwa amenitengenezea kitu. Kipande cha mninga alichookota kwenye mabaki ya mbao, amekichonga upande mmoja mwinamo, mwingine bapa, ametoboa tundu na kupitisha kamba ya manila.

"Kamba funga kwenye chasisi," akasema. "Ukiondoka ukasahau, itakufuata yenyewe."

Wabeja, yaani asante, nikamwambia, na Kisukuma changu kinaishia karibu na hapo. Nimebeba kabari ile mpaka juzi. Nimeitumia mlimani, nimeitumia tambarare, nimeitumia hata yadi mkanicheka. Na kila nilipopita Runzewe, Shija alikuwa ananiuliza kabla ya salamu, "Ipo?" Nami najibu, "Ipo." Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hapo kuhusu siku ile. Miaka saba.

Safari yangu ya mwisho nilisimama kwake kumuaga. Nikaegesha, nikaweka kabari nyuma ya tairi kama kawaida, nikakaa kwenye tairi bovu kando yake. Alikuwa anapaka gundi tyubu. Nikaona nikiondoka leo bila kuuliza, sitauliza tena.

"Shija, lile jiwe ulilijua. Tulilibeba wote. Kwa nini hukupunguza mwendo?"

Hakuinua kichwa. "Nilifika nikaona gari halipo. Nikajua umeshaondoka na mawe yako." Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba. "Angekuwa dereva mwingine ningepunguza."

Nikasimama, nikampa mkono, akaupokea kwa mikono yote miwili yenye gundi. Nikapanda, nikawasha gari nikaondoka huku macho yamejaa machozi, barabara siioni vizuri. Sikufika mbali. Nikasikia kitu kinagonga lami nyuma yangu, watu wa kijiweni wanapiga mluzi, na sauti ya Shija juu ya zote, anakuja mbio kwa ule mguu wake mfupi, anacheka.

"Mzee! Mzee, simama! Si nilikwambia itakufuata?"